Ukiandika "Afrika" unaletewa ngoma

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na watu wawili wameshanikumbusha. Itakuja. Leo nina jambo la muziki wa filamu ambalo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita, na mtu mwenye jambo kooni hawezi kuandika msimbo safi, kwa hiyo nivumilieni.

Ilianza hivi. Binamu yangu anasomea uongozaji wa filamu, na ametengeneza filamu fupi ya dakika 14. Hadithi yenyewe ni mama anayepika chapati alfajiri karibu na steji ya 46 kule Kawangware, na binti yake anayefunga mzigo usiku kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Chumba kimoja, usiku mmoja, watu wawili. Si hadithi ya kubuni sana. Mama huyo ni shangazi yangu, na binti aliondoka kweli.

Kijana akaniomba nimsaidie upande wa muziki kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo. (Mimi pia ndiye fundi wa printa, runinga na simu zilizoingia maji. Wenzangu mnaelewa.) Kuna maktaba za muziki mtandaoni: unalipa ada ya mwezi, unatafuta, unapakua, leseni unapata. Kwa mwanafunzi ni neema, maana kumlipa mtunzi na wapigaji ni ndoto. Nikaandika "Afrika" kwenye kisanduku cha kutafutia. Zikaja ngoma. Nikaongeza "huzuni". Zikaja ngoma zile zile, polepole, na filimbi juu yake. Nikaongeza "mama". Ikaja kwaya ya watoto, na ngoma.

Kabla sijamlaumu mtu, acha niungame. Miaka kadhaa iliyopita nilijenga mfumo wa namna hiyo kwa mteja mmoja, wa picha badala ya muziki. Anayepakia picha alitakiwa kuchagua mahali kutoka kwenye orodha. Orodha ilikuwa na Uingereza, Ufaransa, Japani... na Afrika. Nchi 54 kwenye mstari mmoja! Niliiandika kwa mikono yangu mwenyewe hapa Nairobi, nikaenda kula chakula cha mchana, nikaisahau. Lebo ikiwa pana hivyo, kila anayepakia humfuata aliyemtangulia. Kilicho chini ya lebo ndicho kinachopakuliwa, kinachopakuliwa ndicho kinachopanda juu ya orodha, na kilicho juu ndicho mtunzi anayefuata anachokiiga. Hakuna mtu mbaya aliyejificha ndani ya seva. Ni mzunguko tu, na unajizungusha wenyewe.

Basi tukachagua ngoma zilizoonekana kuwa na huzuni kuliko nyingine, binamu akazipachika, na Jumapili tukapeleka kompyuta kwa shangazi ajitazame. Alitazama yote bila kusema neno. Mwisho akauliza, "Hizi ngoma zinapigwa wapi?"

Binamu akamwambia ni muziki wa filamu tu, Shangazi, hazipigwi mahali.

"Siku hiyo hakukuwa na ngoma," akasema, akaenda kutia chai.

Nimeisikiliza sentensi hiyo kichwani mwezi mzima. Ngoma tulizokuwa tumeweka ni djembe, ngoma ya Wamandinka wa Guinea na Mali. Fungua ramani upime: Bamako iko mbali na Kawangware kuliko Riyadh. Yaani tulimpigia shangazi muziki unaotoka mbali kuliko alikokuwa anaenda mwanawe, halafu tukauita muziki wa kwao.

Sasa kuna usemi unaopendwa na watu wa filamu kwamba muziki mzuri ni ule usioutambua. Sikubaliani nao hata kidogo. Ennio Morricone katika The Good, the Bad and the Ugly (1966) huwezi kukosa kumtambua, ni kama jirani anayebisha mlango kwa teke, na bado ni mojawapo ya kazi ninazozipenda kuliko zote. Harmonika ya R. D. Burman katika Sholay (1975) ulikuwa unaipata ikipigwa mluzi mtaani na watu ambao hawajui neno moja la Kihindi. Kutambulika hakuna ubaya. Ninalouliza mimi ni: muziki huu unasikika kutoka kwenye masikio ya nani? Amesimama wapi? Katika Jaws (1975) John Williams anaanza na noti mbili tu zinazorudiwa, na zinafanya kazi kwa sababu tunajua zinatoka wapi: ziko chini ya maji, na zinakaribia. Ukijua mahali pa muziki, mwili wako unajua pa kuogopea.

Nina jaribio langu la nyumbani ambalo nimewachosha nalo marafiki. Itazame sehemu moja ya filamu bila sauti. Kisha zima kioo uisikilize tu. Kisha vyote kwa pamoja. Nimelifanya kwa filamu nyingi, lakini kwa mkazi wa Nairobi hakuna pa kuanzia isipokuwa Out of Africa ya Sydney Pollack (1985), ile iliyoitangaza Karen na Ngong dunia nzima ikapata tuzo 7 za Oscar, moja ikiwa ya muziki wa John Barry. Barry alikuwa Mwingereza wa York, na alikuwa tayari amekwisha kupata Oscar mbili kwa Born Free (1966), filamu nyingine iliyopigwa hapa hapa Kenya. Ukitaka kusema sauti ya Kenya kwenye sinema za nje ni ya mtu mmoja, huyo ndiye.

Chukua ile sehemu maarufu ya ndege. Ukizima sauti unaona ndege ndogo ya manjano, nyasi, wanyama wakikimbia, heroe wakiruka juu ya maji, na mwanamke aliyekaa kiti cha mbele akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka ili mwanamume aushike. Ni picha nzuri, ndiyo. Lakini ni picha nzuri kama kalenda ya benki. Ukirudisha sauti, zile fidla zinaanza kupanda polepole bila haraka yoyote, na ghafla ule mkono una uzito. Wahusika hawasemi kitu hapo. Barry ndiye anayesema, na anasema kwamba mtu huyu atayakumbuka haya akiwa mbali, akiwa amepoteza vyote. Karen Blixen aliondoka Kenya mwaka 1931 na kitabu chake kikatoka mwaka 1937, akikumbuka. Muziki unajua hilo. Umesimama angani, kwenye masikio ya mtu ambaye ataondoka. Kwa filamu ile ni kazi safi kabisa, na sitamruhusu mtu kuisema vibaya mbele yangu.

Taabu ni yaliyofuata. Watengenezaji wa matangazo ya safari walisikia fidla zile wakadhani ndizo sauti ya ardhi yenyewe, na tangu hapo kila ukiona twiga jioni unasikia okestra. Nimepita Karen kwa matatu ya 24 mara nyingi sana. Sijawahi kusikia fidla hata moja.

Lakini hapa kuna jambo ambalo nilipoligundua nilisimamisha filamu. Ndani ya Out of Africa yumo kijana anayeigiza Kanuthia, yule anayekuwa pamoja na Denys. Kwenye orodha ya waigizaji ameandikwa Job Seda. Job Seda ndiye Ayub Ogada! Ndiyo, huyo huyo wa nyatiti, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band hapa Nairobi, na ambaye albamu yake En Mana Kuoyo ilitolewa na Real World ya Peter Gabriel mwaka 1993. Fikiria: John Barry anaandikiwa okestra nzima, na mbele ya kamera, ndani ya fremu, amesimama mmoja wa wanamuziki bora wa nchi hii akiwa amevishwa nguo za mwigizaji.

Miaka 20 baadaye Fernando Meirelles akaja kupiga The Constant Gardener (2005), kutoka katika riwaya ya John le Carré, Kibera na kwingineko hadi Turkana. Muziki ni wa Mhispania Alberto Iglesias, ambaye aliteuliwa kwa Oscar, lakini unachotoka nacho kichwani ni Kothbiro ya Ayub Ogada. Mwaka 1985 tulimwona bila kumsikia akipiga. Mwaka 2005 tukamsikia bila kumwona.

Niliitazama filamu hiyo katikati ya jiji, enzi ambazo bado ilikuwa kawaida kushuka mjini kwenda sinema. (Leo ukimtajia kijana Odeon anafikiria steji.) Nakumbuka watu wakinong'onezana walipoiona reli ya Kibera, kama mtu anayejiona ghafla kwenye kioo cha duka. Halafu nyatiti ikaanza. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji anarudia mchoro mdogo, tena na tena, kama mtu anayetembea bila kuharakisha. Sauti ya Ogada haipandi juu kukuonyesha kitu. Iko karibu, kama imekaa kando yako. Maneno ni ya Kijaluo. Kichwa chake maana yake ni "mvua inakuja". Watazamaji wengi duniani hawakuelewa neno, na filamu haikuwatafsiria. Ninaona hapo ndipo nguvu yake ilipo. Fidla za Barry zinakuambia jinsi ya kuhisi. Kothbiro haijali kama upo. Ilikuwa inaimbwa kabla hujaja na itaendelea ukiondoka, na wewe mtazamaji unalazimika kuinama usikilize.

Kwa hiyo msiniambie nasema "wageni hawawezi". Meirelles ni Mbrazili. Alichofanya ni kushuka chini kwenye ndege. Hata hivyo, niwe mkweli, Kothbiro nayo inaweza kugeuka kisanduku. Mtu mvivu ataisikia, ataandika "Afrika, huzuni, nyuzi", na mzunguko utaanza upya. Ayub Ogada alifariki mwaka 2019, hawezi tena kubishana na mtu.

Kuna shule nyingine ya muziki wa filamu Nairobi ambayo haifundishwi chuoni, nayo ni DJ Afro. Msicheke. Nilipokuwa mdogo, kibanda cha video Kangemi kilikuwa na mabenchi sita, runinga moja na pazia la gunia. Mjuavyo, DJ Afro anasimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili cha mtaani juu ya sauti ya filamu yenyewe. Kila anapofungua mdomo, sauti ya chini inashushwa, na kazi yote ya yule mtunzi wa Hollywood au Hong Kong inazama kama jiwe. Kwa mtu wa sauti ni jinai. Lakini nilipoanza kusikiliza kwa makini nikagundua kwamba hakuondoa muziki, ameuchukua yeye. Anaharakisha kabla ya kipigo, anakata ghafla, anaacha sekunde ya ukimya, halafu anaangusha jina la utani alilompa jambazi na kibanda kizima kinalipuka. Masikio yake yako wapi? Kwenye benchi, kati yako na jirani yako. Uganda wana ma-VJ wao na Tanzania wana wao, na ninadhani wote wanajua jambo lile lile.

Watengenezaji wetu wa filamu nao wameanza kulijua. Rafiki ya Wanuri Kahiu (2018), ambayo ilipigwa marufuku hapa kisha mahakama ikairuhusu kwa siku 7, inafunguka na Muthoni Drummer Queen, na nyimbo zake ni nyimbo ambazo wasichana wale wangeweza kweli kuwa nazo kwenye simu. Unaliona jiji na unalisikia kwa wakati mmoja. Kitu kidogo, lakini hesabu ni filamu ngapi za Nairobi unazokumbuka zilizofanya hivyo.

Sasa neno kidogo la kiufundi, maana hii bado ni blogu ya teknolojia. Filamu fupi kama ya binamu haitazamwi sinema. Inatazamwa kwenye simu, na spika ya simu haitoi karibu chochote chini ya hezi 200 hivi. Ngoma kubwa ikipigwa huko chini, unachosikia kwenye simu ni tak-tak ya ngozi tu, kama mtu anayegonga kwenye meza ya plastiki. Kwenye matatu ni kinyume, ni besi peke yake, maneno yamekwenda na upepo. Kwa hiyo hata ukiweka kando ya shangazi na ya Bamako, ngoma zetu zilikuwa uamuzi mbaya wa kihandisi. Sauti ya mtu, nyuzi, filimbi, hizo zinapita popote. Ukitengeneza kitu cha kutazamwa kwenye simu, kisikilize kwenye simu, tena ya bei rahisi, tena ndani ya matatu. Vipokea sauti vya elfu ishirini vitakudanganya.

Turudi Kawangware. Tulifuta muziki wote. Kilichobaki kilikuwa kimya cha ajabu kwa sababu kijana alikuwa amerekodi mazungumzo tu. Basi saa kumi na nusu alfajiri tukaenda kwa shangazi na kinasa sauti cha kuazima. Tulirekodi kisukumio juu ya kibao cha chapati, ambacho kina mdundo wake: tatu ndefu, moja fupi, geuza. Tulirekodi jiko likipulizwa. Tulirekodi makanga wa kwanza wa siku akiita "tao, tao, tao" kwa sauti ambayo bado haijaamka. Kwa mbali redio ya jirani ilikuwa ikikwaruza, na binamu alitaka niiondoe kwa programu. Nilijaribu, sikufaulu, tukaiacha.

Tuliporudi na kusikiliza ndipo tukagundua kwamba shangazi alikuwa akiguna wimbo wakati wote. Wa kanisani, nadhani, ingawa aliukata na kuuanza upya kiasi kwamba umekuwa wake. Hakujua kwamba anaguna. Tulipomchezea alikana kabisa, akasema hiyo si sauti yake.

Nikamwambia binamu: hii ukiitumia, umwombe ruhusa na umlipe, kama ambavyo tungelipia ile maktaba. Akamwomba. Shangazi akauliza kama siku hizi watu wanalipwa kwa kuguna. Akaambiwa ndiyo, Shangazi. Akazipokea pesa, akazihesabu, akamrudishia nusu akanunue unga. Sijui sheria ya hakimiliki inasemaje kuhusu mkataba wa namna hiyo.

Tangu hapo tunabishana kuhusu mahali pa kuuweka mguno. Yeye anautaka mwisho, binti akishaondoka na mlango umefungwa, mama peke yake. Mimi nasema hapana, hapo ni kumshika mtazamaji shingo. Uweke mapema, wakati binti anakunja nguo na hakuna anayejali. Akishaondoka, acha kisukumio peke yake. Mtazamaji atautafuta mguno mwenyewe na ataukosa. Sijamshawishi bado. Amenijibu kwamba mimi ni mtu wa kompyuta.

Wiki iliyopita shangazi alitaka filamu itumwe Saudia. Nikaibana hadi megabaiti 38 ili ipite kwenye WhatsApp bila kumla binti bando lake lote, ile nakala ya binamu, mguno ukiwa mwisho. Siku mbili kimya. Halafu ukaja ujumbe wa sauti. Hakusema lolote kuhusu mguno. Wala kuhusu msichana aliyemwigiza, ambaye tulihangaika wiki tatu kumpata. Alichouliza ni kama ile redio ya jirani haijatengenezwa mpaka leo.

Tumeicheza tena dakika hiyo. Ukisikiliza kwa makini redio inasikika, chini kabisa, nyuma ya makanga. Binamu amepandisha sauti yake kidogo. Haya, narudi kwenye hifadhidata.